Anza na mfereji, semina itafuata

Unataka kuanzisha programu ya vijana wa kujitolea? Chukua mfereji wa mita 100 katika avenyu moja ya Kadutu, komini ya mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Upana wake ni sentimita 40, na ndani umejaa mchanga na sashe (vifuko vya plastiki) hadi kina cha sentimita 30. Zidisha: ni mita za ujazo 12. Lakini udongo ukichimbwa huvimba, kwa hiyo ongeza robo, zinakuwa 15. Toroli ya kawaida isiyojazwa hadi kumwagika hubeba lita 60 hivi. Hapo ni safari 250. Toroli tatu, kila moja ikienda na kurudi kwa dakika tano, zinafanya safari 36 kwa saa. Kazi yote ni ya saa saba. Na kwa kuwa hakuna kijana anayechimba kwa nguvu ileile zaidi ya saa mbili na nusu, panga asubuhi tatu za Jumamosi.

Mpe kijana wa miaka 17 kamba ya kupimia na kaye (daftari), afanye hesabu hiyo mwenyewe, kisha asimame mbele ya wenzake awaambie wanahitaji toroli ngapi na watamaliza lini. Huo ndio uongozi ninaouamini. Programu nyingi za vijana hapa Bukavu zinaenda kinyume: siku tano ndani ya ukumbi, karatasi kubwa ukutani, maneno mazito juu ya maono, breve (cheti) yenye muhuri, picha ya pamoja, halafu kila mtu arudi kwao akatumikie jamii. Wengi wao hawatumikii. Si kwamba ni wavivu. Wamefundishwa kuzungumza, na hakuna aliyewaonyesha mahali pa kuanzia. Moyo wa kujitolea huja baada ya mikono kushika kazi, na programu inayotaka kuwasha vijana iwape kazi ndogo, yenye mwisho unaoonekana, ndani ya siku kumi na nne za kwanza.

Bukavu haijaanza kufikiri jambo hili jana. Mwaka 1952 Padri Georges Defour alianzisha hapahapa Xaveri, harakati ya vijana Wakatoliki, ambayo baadaye ilivuka mipaka na kufika nchi nyingine za Afrika. Maskauti nao walianza mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, kwa kambi ya wavulana wapatao 20 waliogawanywa katika vikosi vinne. Angalia idadi: kikosi cha watoto watano au sita, chenye kiongozi wao wenyewe. Katika kikundi cha watu watano hakuna pa kujificha. Asipokuja mmoja, wanne wanamwona. Katika kundi la 25 lisilogawanywa, saba wanafanya kazi, kumi wanapiga soga, na wanaobaki wameshika simu.

Kabla ya kushika beleshi, kuna neno la kuchunga. Vijana wakisema «tunakuja kufanya salongo», wazee wengine wanakunja uso. Wao wanaikumbuka salongo ya miaka ya 1970, kazi ya lazima ya enzi ya Mobutu, ambapo asiyetokea alijua kitakachompata. Kwa hiyo usimtume kijana kumwamrisha mzee atoke nyumbani. Mwambie apige hodi, aseme yeye ni mtoto wa nani, na aombe kitu kimoja tu kinachotoka kwa urahisi: toroli kwa saa tatu, bidoni moja ya maji, kivuli cha kupumzikia. Aliyetoa bidoni ya maji Jumamosi ya kwanza, Jumamosi ya pili anatoka mwenyewe na jembe.

Sasa mpango wenyewe. Nashauri wiki kumi, kuanzia nusu ya pili ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Sababu ni mvua: kiangazi chetu ni Juni hadi Agosti, na Septemba maji yanarudi. Mfereji uliozibuliwa Machi utajaa tena kabla vijana hawajafurahia walichofanya. Uliozibuliwa Agosti unapimwa na mvua ya kwanza, na avenyu nzima inaona jibu. Walio darasa la mwisho wasilazimishwe wiki za mtihani wa taifa. Waandikwe, wajiunge wakimaliza.

Vijana 25, vikundi vitano vya watano, avenyu moja au mbili zinazopakana. Usichukue kundi kutoka mji mzima. Kijana wa Panzi hana sababu ya kuamka saa kumi na mbili akazibue mfereji wa Nyamugo, na hata akija mara mbili kwa sababu ya nauli, mara ya tatu hatakuja. Kuchagua kufanyike hivi: kila nyumba kumi ipendekeze wawili, msichana mmoja na mvulana mmoja, hadi wapatikane 20. Nafasi tano zinazobaki ziwekwe kwa wale ambao hakuna atakayewapendekeza: makuli wa soko la Kadutu, mwanafunzi wa fundi, mtoto aliyeacha shule, mama mdogo mwenye mtoto mgongoni. Nafasi hizi tano usiziache kujazwa na watoto wa ndugu wa shefu. Mara nyingi hao watano ndio wanaobaki mwaka wa pili, kwa sababu ni mara ya kwanza mtu kuwaita mahali bila kuwafukuza.

Kuhusu umri, Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul tarehe 2 Julai 2006, unahesabu ujana kuwa miaka 15 hadi 35, na umeweka kifungu kizima juu ya wajibu wa vijana, si haki zao tu. Lakini sheria yetu ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Basi kila aliye chini ya 18 awe na karatasi ya mzazi: jina, kazi itakayofanyika, saa za kuanza na kumaliza, nani anayesimamia. Na usichanganye wa miaka 15 na wa miaka 32 katika kikundi kimoja. Mkubwa ataongoza na mdogo atatumwa maji tangu mwanzo hadi mwisho.

Wiki ya kwanza ni ya kusikiliza. Kila kikundi kinatembelea nyumba kumi, jumla nyumba 50. Maswali ni matatu: Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi hapa? Mara ya mwisho nani alisafisha pale, na kwa nini aliacha? Kitu gani ndani ya nyumba hii mngeweza kutuazima? Liko swali moja ambalo nawakataza kabisa: «Mnataka nini?» Ukiuliza hivyo utaambiwa hospitali, lami na umeme, na ni sawa waseme hivyo, ni haki yao. Lakini kijana anarudi akiwa amebeba ahadi ambayo hakuitoa, na kila akipita wanamwuliza hospitali iko wapi.

Swali la pili ndilo lenye utajiri. Majibu yake yanaonyesha ugonjwa. Tulisafisha, lakini tope tuliliacha kando ya mfereji na mvua ya usiku ikalirudisha. Tulisafisha, lakini watu wa juu wanafungulia choo mvua ikianza. Tulichanga, pesa hatukuona zilikokwenda. Vijana wakisoma majibu hayo kwa sauti, tayari wana orodha ya makosa ya kutorudia, na wameyapata kwa wazazi wao wenyewe.

Wiki ya pili wanachagua kazi moja. Iweze kumalizika kwa asubuhi nne zisizozidi. Vifaa vyake vipatikane ndani ya avenyu. Mtu anayepita aione bila kuelezwa. Karibu kila mara watataka kuzuia korongo, lile bonde linalochimbwa na maji ya mvua. Ni kweli korongo linakula nyumba za watu Bukavu, na moyo wao uko mahali pake, lakini hapo ankadreri, yaani msimamizi wa vijana, lazima aseme hapana waziwazi. Kuzuia korongo ni kazi ya mainjinia na mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za chuma, na mtu akichimba chini ya mteremko uliolowa anaweza kufukiwa. Kuna wanachoweza kufanya: kupiga vigingi kila mita tano kwenye mstari ulio mita mbili kutoka ukingoni, kupima kwa kamba umbali kati ya kigingi na ukingo kila mwisho wa mwezi, na kuandika. Baada ya miezi sita kaye hiyo inapelekwa komini. Burugumestri, mkuu wa komini, anaweza kukwepa malalamiko. Vipimo sita vyenye tarehe ni vigumu kuvikwepa.

Kabla ya kuchimba, barua iende kwa shefu wa kartiye (mtaa), nakala kwa shefu wa avenyu, na nakala moja ibaki kwenu ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Tangu vita vilipofika mjini Februari 2025 jambo hili si la kupuuza hata kidogo. Vijana wa kiume kumi waliosimama pamoja na majembe alfajiri wanaweza kueleweka vibaya. Kazi ianze jua limetoka, barua iwe mfukoni mwa mkuu wa zamu, na pawepo mtu mzima wa avenyu anayejulikana. Mama mwenye meza ya ndizi pale kona anatosha.

Siku ya kazi, majukumu ni matano katika kila kikundi, na yanazunguka kila wiki: mkuu wa zamu, mtunza vifaa, mwandishi, mtunza sanduku la pesa, na mwenye maji na dawa. Yasipozunguka, utaona msichana ameandika wiki kumi mfululizo kwa sababu «ana mwandiko mzuri», na mvulana yuleyule anatoa amri. Msichana awe mkuu wa zamu katika wiki mbili za kwanza, kabla mazoea hayajakauka. Na saa zipangwe kwa kuwauliza wao. Wasichana wengi hapa huteka maji asubuhi, kwa hiyo ukiita watu saa kumi na mbili umewafungia mlango bila kujua. Saa mbili na nusu asubuhi inawafaa wengi. Wale wa Sabato wapewe kazi ya kupima na kuandika Jumapili mchana.

Uchimbaji unaanzia chini, mahali maji yanapotokea, na unapanda juu. Vijana hupenda kuanzia juu kwa sababu pako karibu na barabara, na hapo maji yaliyolala mferejini yanashuka na kuwakusanyikia wenzao miguuni, tope linakuwa uji, na beleshi haibebi kitu. Ukianzia chini, kila mita unayofungua inakausha mita inayofuata. Mahali pa kumwaga tope pajulikane siku tatu kabla, kwa ruhusa ya mwenye kiwanja; mara nyingi kuna mtu anayetafuta udongo wa kujazia shimo. Avenyu zikiwa nyembamba na zenye ngazi, kama sehemu nyingi za Kadutu, toroli haipiti. Tumia mifuko ya kilo 25 ijazwe nusu na ipitishwe mkono kwa mkono, kila mtu hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Mfuko uliojaa unachanika na unaumiza mgongo wa mtoto.

Sashe na chupa ziwekwe kando tangu mwanzo, katika mifuko yake. Hapa ndipo pa kuwaeleza vijana kile ambacho mfereji wao umeshika. Plastiki ikitoka hapa inashuka na maji hadi ziwa Kivu, na maji ya ziwa yanatoka kwa mto Ruzizi hapahapa Bukavu, kwenye bwawa la Ruzizi 1 linalotupatia umeme. Taka hizo huziba mitambo, na mtaa unalala giza. Serikali ilikataza mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017, na sashe bado zipo mkononi mwa kila muuzaji. Kijana aliyeshika sashe 400 kwa mkono wake, akazihesabu, hahitaji mtu wa kumhubiria mazingira.

Glavu na buti si mapambo. Mifereji yetu hupokea maji ya choo, na chini kuna vioo na wembe. Asiye na buti asiingie mferejini, abebe mifuko. Wakimaliza, wanawe mikono kwa sabuni hadi kwenye kiwiko kabla ya kugusa mkate, na aliyekatwa aoshwe palepale kisha apelekwe kituo cha afya kuulizia sindano ya pepopunda. Programu iliyofumbia macho kidonda kimoja imepoteza wazazi wa avenyu nzima.

Kisha dakika ishirini za kukaa. Hizi dakika ishirini, naziweka juu ya semina yoyote. Vijana wamechoka, wananuka tope, wana chai na mkate. Ankadreri anauliza mambo matatu tu na kunyamaza: Leo kipi kilikwama? Nani alifanya kitu ambacho hakuagizwa? Nani wa avenyu alikuita kwa jina lako? La mwisho huleta ukimya, halafu mmoja anasema Mama fulani, ambaye siku zote humfukuza barazani kwake, leo alimwambia «aksanti, mwanangu» na akamletea maji. Kijana anayekaa katika mtaa ambako anahesabiwa kuwa mwizi mtarajiwa hasahau neno hilo. Programu nzuri inapanga mambo ili neno hilo litamkwe, na itamkwe na jirani, si na mgeni aliyekuja na gari.

Pesa. Tangu wakimbizi walipoingia mwaka 1994, kisha vita vya 1996, miradi mingi imepita Kivu, na watoto wetu wamejifunza kusaini karatasi ya mahudhurio kabla ya kuuliza kazi ni ipi. Siwalaumu, maisha ni magumu na nauli ni nauli. Lakini ukilipa perdiemu (posho ya siku) kwa kazi ya mtu katika avenyu yake mwenyewe, siku pesa zinapokatika kazi nayo inakatika, na majirani wanasema vijana wanakula pesa za wazungu. Msimamo wangu: usilipe siku ya kazi, ila lisha. Chai, mkate na maharagwe kwa kila mmoja. Mwenye kutoka mbali kwa sababu ya kweli arudishiwe nauli halisi. Na motari, dereva wa pikipiki, ambaye asubuhi ya Jumamosi ndiyo riziki yake, asiombwe kuchagua kati ya tumbo na jamii: mpe zamu ya kukagua mfereji jioni, au ya kubeba vifaa kwa pikipiki yake, na mafuta ulipie wewe.

Sanduku lishikwe na watatu. Mmoja anakaa na sanduku, wa pili ana ufunguo, wa tatu ana kaye, na hao watatu wasiwe wa nyumba moja. Wauzaji wetu wengi hawatoi risiti, kwa hiyo andika kipande cha karatasi: tarehe, kitu, bei, majina ya wawili walioshuhudia. Kosa linalovunja vikundi vingi si wizi. Mchango umeandikwa kwa dola, matumizi yamefanywa kwa faranga, na bei ya dola imebadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Mwisho wa mwezi kuna pengo, hakuna anayeweza kulieleza, na marafiki wanaanza kutazamana. Dawa yake ni safu moja zaidi katika kaye: bei ya dola siku hiyo, mbele ya kila mstari. Jumapili ya mwisho ya mwezi, watu wakitoka misa na ibada, hesabu iandikwe kwa chaki ubaoni pale kona, na mwenye kaye asome kwa sauti. Mara ya kwanza sauti itatetemeka. Mara ya tatu wazee watamwuliza swali gumu naye atajibu bila kutazama karatasi.

Halafu anakuja mheshimiwa. Amesikia kuna vijana wanaofanya kazi na anataka kuwasaidia, akiwa na fulana zenye uso wake. Waliokuwa mjini kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023 wanajua jinsi fulana zinavyogawa kundi katika wiki moja. Kanuni iandikwe tangu wiki ya kwanza, kabla hajaja mtu yeyote: tunapokea beleshi, toroli, saruji na glavu kutoka kwa yeyote, zinaandikwa katika kaye kwa jina lake na kusomwa pale ubaoni, fulana, kofia na bahasha hatupokei. Kanuni iliyoandikwa kabla haimtukani mtu. Ikitungwa siku bahasha imefika, kila mmoja ataona imetungwa kwa ajili yake.

Wiki ya tisa na ya kumi ndizo za semina, ukipenda. Sasa wana maswali: namna ya kuandika barua inayojibiwa, namna ya kuongoza kikao cha watu wanaogombana, namna ya kusema hapana kwa mkubwa bila kumvunjia heshima. Breve itolewe hapo, na iandike kazi yenyewe: mita 100 za mfereji, mifuko 31 ya plastiki, nyumba 50 zilizosikilizwa, au chochote walichopima wao. Karatasi ya namna hiyo hata mwajiri anaisoma mara mbili.

Kinachobaki ni mvua. Mwisho wa Agosti, kila kikundi kichukue mita 20 na kichore kwa rangi mstari mweupe ndani ya ukuta wa mfereji, sentimita 10 kutoka chini. Wawili wa zamu wapite ndani ya saa 24 baada ya kila mvua kubwa, wakiwa na fimbo na mfuko mmoja. Mchanga ukiwa chini ya mstari, wanatoa sashe na kuondoka. Ukifunika mstari, wanaita kikundi Jumamosi. Orodha ya zamu ibandikwe kwa shefu wa avenyu, majina mawili mbele ya kila wiki, Septemba hadi Mei, na katika nafasi za mwisho yaachwe mapengo kumi kwa ajili ya wadogo watakaokuja kuuliza nao wanaandikwa wapi.